Mkiani mwa B

Mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyofanyika katika maktaba ya sauti ya redio yetu kabla ya kompyuta kuingia. Nimekubali kwa sababu ipo karatasi moja niliyoitia sahihi miaka mingi iliyopita, na ningependa habari yake mwipate kwangu kabla hamjaikuta jaladani. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vimo katika faili langu la utumishi, na anayevitaka atavikuta huko, vimepigwa mihuri.

Nilizaliwa Kondoa. Baba yangu aliuza vitambaa mchana, na baada ya sala ya alasiri alifundisha nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu katika chumba cha nyuma ya duka. Hakuturuhusu tuguse maana ya sentensi mpaka kila neno tuwe tumeliweka katika fungu lake. Nilipoingia maktabani nikiwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, nikaona kanda zimepangwa kama viazi gulioni, nilijisikia kama niliyeitwa. Kujisikia hivyo ni jambo la hatari kwa mkutubi. Nililijua hilo nimekwisha kuchelewa.

Aliyenipokea alikuwa fundi wa kurekodi, Mzee Yona, Mgogo mrefu mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata mwezi wa kumi, joto linapochemsha bati. Hakuniuliza vyeti.

"Bi mdogo, umekula karanga leo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nenda kanawe. Kwa sabuni. Humu ndani karanga ni mbaya kuliko panya. Panya anakula kanda moja, mafuta ya karanga yanakula sauti ya kanda zote unazogusa."

Nilinawa. Nimenawa hivyo kila asubuhi kwa miaka thelathini na saba, na mikono yangu imekauka mpaka inakwaruza nguo ninapoikunja.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: mashine mbili za kanda za magurudumu, kipande cha mbao chenye mfereji wa kulaza kanda, wembe, na kalamu ya nta ya rangi ya njano. Alinifundisha kukata kanda kwa mshazari, kamwe si wima, ili sauti moja iingie katika nyingine bila kishindo. Alinifundisha pia neno "mkia". Kanda mpya zilikuwa adimu. Fundi akienda vijijini alibeba kanda zilizokwisha kurekodiwa ambazo mwishoni zilibakiza dakika kumi au kumi na tano tupu, akarekodi hapo. Sehemu hiyo ndiyo mkia. "Nimemweka mkiani," angesema akirudi na vumbi hadi kwenye kope, na kila mtu alielewa kwamba mahali fulani, nyuma ya hotuba au kwaya, yumo mtu mwingine kabisa.

Mpangilio wake ulikuwa herufi moja moja alizoziandika kwa ile nta juu ya makasha. Maana ya kila herufi ilikaa kichwani mwake. Niliona aibu kwa niaba yake. Katika mwezi wangu wa pili nilitengeneza mfumo: kumbukumbu za ndani ya nchi zilipata herufi za mahali zilikorekodiwa, B ikiwa Bahi, K ikiwa Kondoa, M ikiwa Mpwapwa, za nchi za kigeni zote zikawa N, yaani Nje, na nambari baada yake. Nilipiga lebo kwa taipureta na kuzibandika kwa gundi juu ya herufi za njano, nikihakikisha hakuna hata ncha ya nta inayochungulia. Mzee Yona alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Umepaka chokaa nyumba ya watu wamo ndani," alisema.

Nilidhani ananisifu.

Sasa niwaambie juu ya Brazili, kwa kuwa wengi wenu mmenijua kwa jina la Bi Salma wa Brazili na hamjui lilikotoka. Chini ya meza ya fundi lilikuwapo kasha la mbao lililojaa santuri, kanda na kamusi moja ya Kireno. Liliachwa na mtaalamu wa zabibu kutoka Brazili aliyefanya kazi Hombolo kabla sijaajiriwa. Kwao pia, nasikia, iko nyanda kavu inayolima zabibu, na alipokwenda zake aliiachia redio muziki wake. Hakuna aliyelifungua kwa utaratibu. Nililichukua kama wengine wanavyochukua shamba la kulima baada ya kazi.

Nilijifunza kwanza kutenganisha. Choro ni muziki wa filimbi na magitaa madogo, wa haraka, wenye adabu, kama watu wanaobishana bila kukatizana. Forró ni kodiani, ngoma ya kubeba begani na pembetatu ya chuma. Maracatu ni ngoma nzito za maandamano na kengele, na mfalme na malkia hutembea mbele yake. Samba ina matawi mengi kuliko nilivyokuwa na kadi. Mwimbaji mmoja wa bossa nova aliimba kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Na zilikuwamo bendi za vijana waliochukua ngoma zilezile za babu zao wakaziunganisha na gitaa la umeme, na sikuweza kuamua kama niziweke na wazee au nizitenge. Niliamua kuzitenga. Leo nisingezitenga.

Kutokana na kadi zangu kikazaliwa kipindi cha Jumamosi alasiri. Msikilizaji mmoja wa mtaa wa Area D aliandika barua kusisitiza kwamba bendi ya forró tuliyoipiga ni ya Mwanza, kwamba mpiga kodiani anamfahamu, na kwamba anatuomba tuache kudanganya umma. Nilimjibu kwa kurasa mbili. Siku nyingine, katika wimbo wa jongo, ngoma ya wajukuu wa waliovushwa bahari katika minyororo, nilisikia neno "angoma" likirudiwa. Nilifungua kamusi, halikuwamo. Nikasikiliza tena, nikaelewa kwamba sihitaji kamusi. Nikaandika kwenye kadi: "angoma, yaani ngoma". Sidhani kama kazi ilipata kunipa furaha kubwa kuliko mstari ule.

Kanda zilikuwa nyingi na mashine moja ilikwisha kufa, kwa hiyo nilijiwekea kanuni. Kila kanda nilisikiliza dakika tatu za mwanzo, mbili za katikati na mbili za mwisho, kisha nikaandika kadi. Kadi ya kanda N 9 niliiandika hivi, na nimeitoa hapa neno kwa neno: "Brazili. Upinde wa muziki wenye waya mmoja na kibuyu, pamoja na kikapu kidogo cha mbegu za kutikisa. Waimbaji wanaitikiana. Mwishoni mpigaji wa pili, peke yake, bila kikapu. Jogoo anasikika. Mpigaji huyu ni bora kuliko wa kwanza. Jina halikutajwa."

Someni kadi hiyo mara mbili. Mimi nilihitaji miaka thelathini na tano.

Mzee Yona alifariki katika mwaka wangu wa nne kazini. Nilimzika pamoja na wenzangu, na ninakiri kwamba sikuwa nimemuuliza lolote juu ya herufi zake za njano. Mfumo ulikuwapo, niliona nimekwisha kumrithi.

Miaka kadhaa baadaye aliingia mwanamke wa rika la chini yangu, amejifunga kanga mbili, viatu amevishika mkononi kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kibakwe. Nimemfuata baba."

"Baba yako anafanya kazi idara gani?"

"Amekufa. Lakini yumo humu," akasema, akiyaonyesha makabati kwa kidevu.

Jina lake Matika. Baba yake, Mzee Ndahani, alipiga ndono, upinde wa muziki wa Wagogo ambao kibuyu chake huegemezwa kifuani. Matika alipokuwa na umri wa miaka kama kumi, fundi mrefu mwenye kofia ya sufu alifika na mashine, akamrekodi mzee uani kwao mara moja tu, akaondoka. Picha ya mzee haikuwapo. Ndono yenyewe ililiwa na mchwa. Kaka zake walihamia mbali, na watoto wao walimwambia kwamba babu alikuwa mchunga mbuzi, hakupiga chochote, shangazi anaota.

"Nami nimeanza kuwaamini," alisema. "Uso wake ninao. Sauti imeanza kunitoka. Kila mwaka inapungua, kama chumvi kwenye mfuko uliotoboka."

Nilimuuliza alikumbuka nini cha kunisaidia kutafuta. Alifikiri.

"Niliambiwa nimshike jogoo asiwike. Akanishinda. Akawika katikati, fundi akacheka."

Niliandika yote. Nilitafuta chini ya M ya Mpwapwa, ambako Kibakwe ingekuwa, nikatafuta chini ya jina, nikatafuta chini ya ndono. Jogoo sikumtafuta, kwa sababu mfumo wangu haukuwa na kadi ya jogoo. Nikamwambia haipo.

Alirudi mwaka uliofuata. Safari hii nilikuwa na neno la kumpa: katika droo ya Mzee Yona nilikuwa nimekuta daftari lake la safari, na ndani yake mstari mmoja kwa mwandiko wake wa kulala, "Mzee wa Kibakwe, ndono. Mkiani mwa B." Nilimwonyesha. Alikigusa kile kidaftari kwa kidole kimoja kama mtu anayepima joto la mtoto.

"B ni nini, dada?"

"Bahi," nilisema bila kusita.

Nilisikiliza mikia ya kanda zote za Bahi. Sikufuata kanuni ya dakika mbili. Nilisikiliza yote, miezi mitatu, kati ya kazi moja na nyingine. Nilikuta mkutano wa wafugaji, kwaya, mtoto anayekohoa, upepo mwingi. Ndono ya Kibakwe sikuikuta. Aliporudi mara ya tatu nilimwambia Mzee Yona lazima alikosea, au kanda ilifutwa. Aliomba nimpe kwa maandishi, awaonyeshe ndugu zake kwamba alitafuta. Tulikuwa na fomu ya maombi ya kumbukumbu. Chini kabisa pana mstari wa "Matokeo". Nilikuwa nimechoka, na uchovu wa mtu makini hutoka katika umbo la uhakika. Niliandika: "Haikuwahi kuwepo." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, nakala nikaitia jaladani.

Alisoma polepole.

"Kwa hiyo baba hakupiga?"

"Hakupiga katika kanda zetu."

"Hapa pameandikwa haikuwahi kuwepo."

"Ndiyo lugha ya fomu, Matika."

Haikuwa lugha ya fomu. Ilikuwa lugha yangu. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kanga, akaniaga vizuri, na hakurudi tena.

Miaka mingine yote naweza kuiruka bila kuwapunja. Kaseti zilikuja zikaondoka, diski nazo hivyohivyo, mji ukajaa wizara, vijana wakaja na flashi mifukoni. Nikapata miwani, kisha miwani mizito zaidi. Katika mwezi wangu wa mwisho, mkuu wa kitengo chetu, Elibariki, kijana niliyemfundisha mimi kunawa mikono, aliniita.

"Shikamoo, Bi Salma. Tunahama. Chumba kipya ni nusu ya hiki. Za ndani tunazihamishia kwenye kompyuta. Za nje zinatupwa."

"Marahaba. Zote?"

"Brazili yako yote imo humu," akasema, akiinua simu yake. "Ukiitaka samba saa hii hii, nakupigia. Sasa nani atatunza makasha?"

Hoja yake sikuweza kuivunja. Nikaomba jambo moja tu, kwamba nizisikilize nzima kabla sijaandika orodha ya kutupa, bila kanuni ya dakika. Alikubali kwa upole mliozoea kuwaonyesha wanaoondoka.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nikaweka N 9. Upinde wa Bahia, jimbo la huko Brazili, ulianza, na kikapu chake cha mbegu, na waimbaji wakiitikiana. Nilikuwa nimeegemea kiti, macho nimefumba. Wimbo ukaisha. Zikafuata sekunde chache za mvumo mtupu. Halafu, katika hedifoni, karibu na sikio kama anayeninong'oneza, sauti ya mtu niliyemzika ikasema kwa Kiswahili: "Haya, Mzee, tayari."

Kisha ndono. Peke yake, bila kikapu cha mbegu. Kisha jogoo, na Mzee Yona akicheka. Kisha mpigaji akaanza kuimba kwa Kigogo, na katikati ya wimbo akaacha kuimba, akasema jambo kwa ukali mdogo. Kigogo changu ni cha sokoni. Nililishika neno moja tu ndani yake: "Matika."

Dakika mbili za mwisho zilikuwa ndono tupu, jogoo akiwika tena; hizo tu ndizo nilizozisikia zamani. Kwa miaka thelathini na tano nilikuwa nimempa mzee wa Kibakwe uraia wa Brazili, yeye na jogoo wake. Kipindi chetu kilimpiga hewani Jumamosi zaidi ya moja, dakika zile mbili za mwisho, kama "mpigaji asiyejulikana wa Bahia". Huenda Matika alimsikia akiwa jikoni kwake, akapunguza sauti ya redio ili amsikie mtu mlangoni.

Nilikwangua lebo yangu juu ya kasha kwa wembe. Gundi ilikuwa imekauka, ikatoka kama gamba. Chini yake, ya njano, imenyooka, haikufifia hata kidogo: B. Ya Brazili. Mzee Yona hakuwa na fungu la Nje. Kwake, kila mahali palianza na herufi yake.

Elibariki alikuja nilipomwita, akasikiliza akiwa amesimama.

"Alhamdulillahi, umempata," alisema, ingawa yeye ni Mlutheri. Amekaa nami muda mrefu. "Basi tukate mkia, tuuhifadhi. Mwili uende na wenzake."

Wembe ulikuwa mkononi mwangu. Mshazari, kamwe si wima.

"Mikia mingapi mingine imo katika kasha hili, Elibariki?"

"Kadi zinasemaje?"

"Kadi niliandika mimi."

"Bi Salma, unajishtaki mwenyewe."

"Najishtaki, na wewe ndiye karani. Andika kwamba kadi zote za N hazina ushahidi, na kwamba hakuna kanda itakayotoka humu kabla haijasikilizwa hadi gurudumu lizunguke tupu."

Aliandika. Kwa hiyo kanda za kasha la B, pamoja na zile nilizowahi kuzisikiliza mwenyewe, zimo katika kabati la saba la chumba kipya, zinawangoja ninyi. Sikupata muda wa kuzimaliza. Naomba radhi kwa vumbi.

Simu ya Matika niliipata kupitia ofisi ya kata. Alikuja siku mbili baada ya mimi kukabidhi funguo, na Elibariki alitufungulia. Nywele zake zimeingia mvi pembeni. Viatu alivishika mkononi, ingawa siku hizi sakafu ni ya vigae na hakuna aliyemwambia.

Nilimwomba radhi kabla ya kuwasha mashine. Nilikuwa nimeandaa sentensi, zimepangwa. Alinikatiza.

"Dada, washa kwanza."

Hakutaka hedifoni. Nikapeleka sauti kwenye spika. Yona akasema haya Mzee, tayari. Ndono ikaanza, na Matika akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Jogoo alipowika, alicheka kwa mshtuko, mkono mdomoni: "Huyo! Huyo ndiye aliyenishinda!" Wimbo ukaendelea. Kisha mzee akaacha kuimba, akasema yale maneno yake makali, na Matika akainuka kitini kabisa, akageuka nusu kuelekea mlangoni.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema, Matika, wewe, mbuzi wanaingia kwenye mtama, unasimama kusikiliza nini?" Akabaki amesimama. Kisha, akiitazama spika, akajibu kwa Kigogo, neno fupi, kwa sauti ambayo haikuwa ya mwanamke mwenye mvi. Sikumuuliza tafsiri yake.

Aliomba irudiwe. Tukairudia mara nne. Elibariki akamtilia nakala katika simu, akamwonyesha mahali pa kubonyeza, naye akabonyeza mara mbili kuhakikisha, mbuzi wakaingia mtamani mara mbili zaidi.

Ndipo alipofungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kama kitambaa, mikunjo imekatika.

"Na hii nifanye nini nayo? Nimewaonyesha watu hii. Walinicheka kwa sababu ya hii."

Niliitandaza juu ya meza. Muhuri ulikuwa umefifia. Mwandiko wangu haukufifia. Nikamwambia lililo kweli, kwamba siku ile nilipaswa kuandika "Sijaipata", na kwamba kati ya maneno hayo na yale niliyoyaandika ndipo ulipopotea muda wake wote.

"Mimi nilijua ipo," alisema Matika. "Wewe ndiye hukujua. Sasa andika."

Nilichora mstari kwa rula juu ya maneno yale, ili yabaki yanasomeka. Chini yake nikaandika: "Ipo. Mkiani mwa B." Sahihi ya mkutubi inatakiwa hapo, na mimi nilikuwa nimeacha kuwa mkutubi siku mbili zilizopita. Nilimtazama Elibariki. Alikuwa anaangalia dirishani, kwa makusudi.

Nikatia sahihi.